Amri ndefu za tarakilishi: Heri kuziandika mara moja kwenye faili

ASUBUHI ya Februari 28, 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya Amazon nchini Marekani alitoa amri kwenye tarakilishi akinuia kuondoa seva chache zilizohusiana na mfumo wa kutoza wateja. Sehemu moja ya amri hiyo iliandikwa visivyo. Badala ya seva chache, ziliondolewa nyingi, na huduma ya S3, ambayo kampuni na tovuti chungu nzima huitegemea kuhifadhi data, ikakwama katika eneo la kaskazini mwa Virginia kwa zaidi ya saa nne.

Mhandisi huyo alikuwa na idhini, na alikuwa akifuata utaratibu uliowekwa. Kosa lake ni la aina inayoweza kumpata yeyote anayelazimika kuandika amri kwa mkono.

Watu wengi huiamuru tarakilishi kwa kubofya picha kwenye skrini. Wasimamizi wa seva na waundaji wa programu, hata hivyo, aghalabu huandika amri kwa maneno, kwani njia hiyo ni ya haraka na huwezesha kazi nyingi kufanywa kwa mkupuo mmoja. Tatizo ni urefu wa amri hizo.

Chukua mfano wa karani wa chama cha akiba na mikopo ambaye kila jioni hunakili rekodi za wanachama hadi kwenye seva nyingine. Amri yake hubeba jina la programu ya kunakili, folda ya rekodi, jina la mtumiaji, anwani ya seva na vigezo kadhaa. Akigeuza mahali pa kutoka na mahali pa kwenda, nakala ya jana yaweza kufunika rekodi za leo. Akienda likizo, mwenzake hana pa kuanzia isipokuwa karatasi iliyobandikwa ukutani.

Dawa ni kuiandika amri mara moja kwenye faili ya mipangilio na kuipa jina fupi. Miongoni mwa zana kongwe za kazi hii ni Make, iliyobuniwa na Stuart Feldman katika maabara ya Bell Labs, Marekani, mwaka wa 1976. Feldman alichochewa na masaibu ya mwenzake aliyepoteza asubuhi nzima akisaka hitilafu katika programu ambayo tayari alikuwa ameirekebisha, ila hakuwa ameiunda upya. Mwaka wa 2003, chama cha wanatarakilishi cha ACM kilimtuza kwa ubunifu huo.

Make husoma faili iitwayo Makefile. Juu ya faili hiyo huandikwa mambo yanayoweza kubadilika, kama vile anwani ya seva na jina la folda. Kisha huja jina la kazi, tuseme "hifadhi", likifuatwa na nukta pacha, na chini yake amri yenyewe. Mstari wa amri sharti uanze kwa kitufe cha Tab wala si kwa nafasi za kawaida, kanuni ambayo huwatatiza sana wanagenzi.

Baada ya hapo, karani huandika maneno mawili tu: make hifadhi. Seva ikibadilishwa, hurekebishwa mstari mmoja, na kila kazi inayoitegemea hufuata mabadiliko hayo.

Hata hivyo, faili hii huhitaji uangalifu. Kosa likiingia humo litarudiwa kila siku, hivyo ni busara mtu wa pili aisome kabla haijaanza kutumika. Amri ya make -n hifadhi huonyesha kwenye skrini kitakachofanywa bila kukifanya. Fauka ya hayo, iwapo katika folda hiyo hiyo mna faili nyingine iitwayo "hifadhi", Make itadhani kazi imekwisha na haitatenda lolote. Mstari wenye neno.PHONY na jina la kazi hiyo huondoa utata huo.

La muhimu zaidi, nywila zisiandikwe humo kamwe. Faili ya aina hii hupitia mikono mingi, na siri iliyomo husafiri nayo.

Baada ya mkasa wa 2017, Amazon ilisema imeirekebisha zana iliyotumika ili iondoe seva polepole, na ikatae amri yoyote ambayo ingezipunguza chini ya kiwango kinachohitajika. Yaani, tahadhari iliwekwa ndani ya zana badala ya kuachiwa kumbukumbu ya mfanyakazi.

Makefile ya karani haiwezi kufikia kiwango hicho, lakini huanzia pale pale: utaratibu wa kazi unabaki umeandikwa, na yeyote anayeshika zamu anaweza kuusoma. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.