Je, Wajua? Umio Uliokatika na Saa za Kwanza za Mtoto Mchanga

Je, wajua kwamba umio na bomba la hewa huanza vikiwa mrija mmoja? Katika wiki ya nne ya mimba mrija huo huanza kugawanyika: upande wa mbele huwa bomba la hewa na mapafu, wa nyuma huwa umio, njia ya chakula. Mgawanyiko huo ukienda kombo, mtoto huzaliwa umio umekatika, au umeungana na bomba la hewa, au yote mawili. Kasoro hii humpata takriban mtoto 1 kati ya kila 2,500 hadi 4,500 wanaozaliwa hai.

Je, wajua kwamba kati ya watoto 100 wenye kasoro hii, wapatao 85 wana umbo lile lile? Kipande cha juu cha umio huishia kifuani kikiwa kimeziba, na cha chini hutoka tumboni kikaunganika na bomba la hewa. Hatari ni mbili. Mate na maziwa hujaa juu yakamwagikia mapafuni, na tindikali ya tumbo hupanda kutoka chini ikayaunguza mapafu hayo hayo.

Je, wajua kwamba dalili huweza kuonekana kabla ya kujifungua? Mtoto aliye tumboni humeza maji ya chupa ya uzazi. Asipoweza kumeza, maji huzidi, na kipimo cha altrasaundi huonyesha. Maji mengi yana sababu nyingine pia, lakini mtoto wa mimba ya aina hiyo astahili kuchunguzwa mara azaliwapo.

Je, wajua kwamba mapovu ni ujumbe? Mtoto mwenye kasoro hii hutoa mate mengi yenye mapovu mdomoni na puani, na ukiyafuta hurudi. Akinyonya hupaliwa, hukohoa, midomo ikageuka bluu. Mama asiambiwe ajaribu tena. Mtoto asipewe chochote kwa mdomo mpaka apimwe.

Je, wajua kwamba kipimo cha kwanza ni mpira wa kulishia? Muuguzi huupitisha mdomoni kuelekea tumboni. Ukigoma kwenye sentimita 10 hivi, hushukiwa kwamba umio umeziba, na eksirei huonyesha ncha ya mpira ikiwa imekwama au imejikunja kifuani. Hapo mate hunyonywa mara kwa mara kwa mashine, kichwa huinuliwa, mtoto hutunzwa joto, huwekewa dripu, na rufaa huandikwa bila kuchelewa.

Je, wajua kwamba madaktari waliijua kasoro hii muda mrefu kabla ya kuweza kuitibu? William Durston aliieleza Uingereza mwaka 1670, na Thomas Gibson akaeleza ile aina ya kawaida mwishoni mwa karne hiyo. Watoto wa kwanza kupona walipatikana Marekani mwaka 1939, kwa upasuaji wa hatua nyingi. Mwaka 1941, huko Ann Arbor, Michigan, Cameron Haight aliunganisha ncha mbili za umio wa mtoto wa kike kwa upasuaji mmoja, naye akaishi.

Je, wajua kwamba karibu nusu ya watoto hawa wana kasoro nyingine pia? Ndiyo maana daktari hukagua moyo, figo, uti wa mgongo, mikono na njia ya haja kubwa. Hata baada ya kupona, wengi hubaki na kikohozi kizito chenye mlio wa kubweka, na wengine umio husinyaa ukahitaji kupanuliwa. Wazazi waelezwe mapema. Waelezwe pia kwamba mara nyingi chanzo hakijulikani, kwamba mama hana kosa, na kwamba ni nadra kasoro hii kumpata mtoto anayefuata.

Je, wajua kwamba mahali anapozaliwa mtoto huamua mengi? Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la The Lancet ulifuatilia kasoro 7 za kuzaliwa za njia ya chakula na ukuta wa tumbo, hii ikiwemo, katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi maskini walifariki watoto karibu 40 kati ya 100, na katika nchi tajiri chini ya 6. Kuwapata mabingwa wa upasuaji wa watoto kutachukua miaka, lakini mpira wa kulishia na mkunga anayejua kwa nini anaupitisha vinaweza kuwapo katika kila wodi ya wazazi leo.