ELIMU YA JUU KWA MASAFA: KUSOMA BILA YA KUACHA KITUO CHA KAZI

Kwa muda mrefu mtumishi wa Serikali wa visiwani aliyetaka shahada alikuwa na njia mbili tu: kuiacha kazi na aila yake akavuka bahari, au kuyaacha masomo. Elimu ya juu kwa masafa imefungua njia ya tatu, na teknolojia ya habari na mawasiliano imeifupisha njia hiyo. Hata hivyo, inafaa kila anayekusudia kuifuata aelewe kwanza utaratibu wake, gharama zake na hadhari zake.

Utaratibu wenyewe si mgeni. Chuo Kikuu cha Afrika Kusini kilianza kufundisha kwa njia ya posta mwaka 1946. Nchini Tanzania, Chuo Kikuu Huria kiliundwa kwa Sheria Namba 17 ya mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wake wa mwanzo mwaka 1994. Kina vituo Unguja na Pemba. Siku hizo mwanafunzi alitegemea zaidi vitabu vilivyochapishwa, na kazi aliyoiandika ilisafiri masafa marefu kabla ya kusahihishwa na kumrudia.

Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha mradi wa chuo kikuu cha masafa cha Afrika, uliorusha mihadhara kwa satelaiti hadi vyuo vya nchi kadhaa. Mabadiliko makubwa zaidi yalikuja pale mkonga wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, ukifuatiwa na ule wa EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo intaneti ya mwambao huu ilitegemea satelaiti, iliyokuwa ghali na ya mwendo wa taratibu.

Hivi leo mwanafunzi huingia katika tovuti ya chuo kwa namba yake ya usajili na neno la siri. Humo husoma maelezo ya somo, husikiliza mihadhara iliyorikodiwa, huwauliza walimu na huwasilisha kazi zake. Ieleweke kwamba kompyuta huandika siku na saa kazi ilipopokelewa. Udhuru wa kuchelewa kwa boti haupo tena.

Kuhusu gharama, maandishi hula kiasi kidogo sana cha intaneti kuliko picha za video. Ni busara, kwa hiyo, kuyachukua mafunzo mara moja mahali penye mawasiliano mazuri, kuyahifadhi katika simu au kompyuta, na kuyasoma baadaye nyumbani bila ya malipo zaidi. Aidha, nakala ya karatasi isidharauliwe. Kisiwa cha Unguja kilipokosa umeme wa gridi kwa takriban miezi 3, kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kila kilichotegemea waya peke yake kilisita.

Hadhari iliyo kubwa kuliko zote inahusu uhalali wa chuo. Intaneti imewaleta karibu walimu wa kweli, na imewaleta karibu pia wauzaji wa vyeti. Tovuti ya kupendeza si ithibati. Kabla ya kulipa hata shilingi moja, muombaji ahakikishe kwa Tume ya Vyuo Vikuu kwamba chuo cha humu nchini kimeidhinishwa, au kwamba shahada ya chuo cha nje itatambuliwa. Chuo kinachoahidi shahada kwa wiki chache, bila ya kazi za kuandika wala mitihani, kiepukwe. Aliyepoteza ada anaweza kuichuma tena. Miaka aliyoitumia kwa cheti kisichotambuliwa hairudi.

Hatimaye, mtumishi anashauriwa kumjulisha mapema mkuu wake wa kazi, ili ruhusa ya siku za mitihani isije ikagongana na shughuli za ofisi. Na wakuu wa kazi nao wakumbuke kuwa mwalimu au muuguzi anayesoma akiwa kituoni haachi pengo: wanafunzi wake hawakosi vipindi, wala wagonjwa wake hawakosi huduma.

Mitambo imekwisha kuuondoa umbali wa bahari. Umbali uliobakia ni ule ulio baina ya mwanafunzi na kitabu chake kila usiku baada ya kazi, na huo hauvukwi ila kwa subira na nidhamu ya mwenyewe.