Mbwa wa ulinzi aliyezeeka naye ana haki

KATIKA vihamba vya Kibosho, Machame na Marangu, mbwa hulinda migomba, kahawa na ng'ombe walio zizini. Mjini Moshi nako hulinda nyua za Majengo na Pasua. Familia za Kiislamu nazo zinao, na sheria haikuwafungia mlango, kwani Mtume (S.A.W.) aliruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Swali tusiloulizana ni hili: mlinzi huyo akizeeka na akili yake ikachakaa, tunamfanyia nini?

Wataalamu wanaeleza kwamba ubongo wa mbwa huzeeka kama wa mwanadamu. Hujikusanya ndani yake protini iitwayo amiloidi, ambayo huonekana pia kwa wazee wenye maradhi ya Alzheimer. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2001 ulionyesha kuwa, kwa mbwa wenye umri wa miaka 11 hadi 12, 28 katika kila 100 walikuwa na angalau dalili moja. Kwa wenye miaka 15 hadi 16, walifikia 68. Mbwa huyo hupotea ndani ya ua alioulinda miaka yote, hulala mchana kutwa na kubweka usiku bila sababu, hujisaidia mahali asipozoea, na pengine hamtambui anayemlisha.

Kwetu dalili hizi zina hatari ya pekee. Mbwa akibadilika tabia, hudhaniwa mara moja kuwa na kichaa, akapigwa hadi kufa. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni nadra mno kupona. Lakini uzee huja polepole, kwa miezi. Kichaa huzidi kwa siku chache: mbwa huuma ovyo au hupooza, hutokwa na mate, hushindwa kumeza, na kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi. Mwenye shaka asimguse. Awaweke watoto mbali na amwite afisa mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Ndiyo maana chanjo ya kila mwaka ni amana: humlinda mwanadamu, na humlinda mbwa mzee dhidi ya dhana mbaya.

Ama kuhusu wajibu, Sheikh Izzuddin bin Abdis-Salaam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), alipozitaja haki za mnyama juu ya mwanadamu alianza na kulishwa kwake, hata kama amedhoofika au kuugua kiasi kwamba hana manufaa tena. Mtume (S.A.W.) naye alimkemea mwenye ngamia aliyemshindisha na njaa huku akimchosha kwa kazi. Na alitueleza habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Atasema msemaji: mbwa ni najisi. Naam, katika madhehebu yetu chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Lakini hiyo ni hukumu ya tohara, wala haikuifuta huruma. Mtengee chombo chake, utakuwa umetimiza yote mawili.

Basi, ndugu zangu, tumwekee mbwa mzee maji na chakula mahali palepale kila siku. Tumpatie pakavu pa kulala, hasa baridi ya Juni na Julai inaposhuka mlimani. Asifungwe mnyororo kutwa, atembezwe taratibu. Daktari wa mifugo amtazame, kwani uziwi, upofu na maumivu ya viungo hufanana na kuchanganyikiwa. Wala asitupwe barabarani: Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili, na hesabu ya Akhera ni nzito zaidi.

Watoto wetu wanatutazama. Namna tunavyomtendea aliyetutumikia akaishiwa nguvu, ndivyo wanavyojifunza kuwatendea wote waliochoka, nasi tukiwemo. Wallahu a'lam.