Fahamu: Ada imefutwa, mbona mtoto bado anafeli?

Tanzania ilifuta ada hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na sita. Njaa, hata hivyo, haikufutwa. Mwanafunzi wa shule ya kata aliyeamka alfajiri na kutembea kilomita kadhaa bila hata kikombe cha uji, ikifika saa sita anasinzia kwenye hesabu, na mwalimu anamwita mvivu. Wengine hutoroka vipindi wakauze karanga stendi. Wasichana hubakizwa nyumbani kuchota maji na kulea wadogo zao. Utoro wa namna hii hautibiwi kwa viboko. Mzazi, ukiitwa kikao cha chakula cha shule, nenda: shule nyingi hupokea mahindi na maharage badala ya fedha.