Philip Guston: Majonzi kwa Mtindo wa Katuni

Philip Guston (1913–1980) alikuwa mchoraji wa Marekani aliyezaliwa Montreal, Kanada, katika familia ya Wayahudi kutoka Odessa. Angali mtoto, baba yake alijinyonga.

Miaka ya 1950 alisifika kwa michoro ya rangi tupu, isiyo na sura za watu wala vitu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliiona haitoshi kubeba hasira na hofu ya zama zile, akageukia mtindo wa katuni: rangi ya waridi, viatu vikubwa, sigara, balbu zinazoning’inia. Maonyesho yake ya mwaka 1970 jijini New York yalishutumiwa vikali.

Katika *The Studio* (1969), mtu mwenye kofia ya Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi la Marekani, anajichora mwenyewe. Msanii anajiuliza kama uovu umo hata ndani yake. *Couple in Bed* ilichorwa mwaka 1977, mkewe, aliyeitwa Musa, alipopata kiharusi. Wawili hao wamejibana chini ya blanketi, naye mume bado amevaa viatu na ameshika brashi zake. Umbo linachekesha, lakini woga wa kumpoteza mwenzi unaonekana wazi.

Leo wachoraji wengi humhesabu miongoni mwa walimu wao.