Mjane wa aliye kwenye noti

JUBA. Ukinunua soda au kulipia chumba cha wageni hapa Hai Cinema, noti unayotoa mfukoni ina sura ya Dkt John Garang. Sura hiyo imepita katika mikono ya wauza nyanya, wauza saruji na madereva wa malori tangu Sudan Kusini ilipopata uhuru na kutoa fedha yake Julai 2011. Wafanyabiashara wengi wanaijua. Wasiokumbuka wengi ni kwamba mjane wake aliwahi kukabidhiwa wizara inayomgusa kila mwenye mzigo: wizara ya uchukuzi na barabara.

Garang aliapishwa Julai 9, 2005 kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan na kiongozi wa serikali ya Kusini. Julai 30 alifariki dunia baada ya helikopta ya Rais wa Uganda kuanguka akirejea kutoka nchini humo. Mama Rebecca Nyandeng De Mabior alikuwa mke wa rais wa Kusini kwa wiki tatu tu.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kwa wenye maduka. Ghasia zilizuka Khartoum na hapa Juba, ambako maduka ya wafanyabiashara kutoka Kaskazini yaliporwa na kuchomwa moto. Mkataba wa amani, uliomaliza vita vya miaka 22, ulikuwa na miezi saba tu. Mama Rebecca, akiwa bado katika matanga, aliwasihi watu watulie na kuulinda mkataba ule. Hakuwa na cheo wala askari, lakini alisikilizwa.

Mwaka huohuo Salva Kiir, aliyemrithi Garang, alimteua kuwa waziri. Hapo mambo yakabadilika. Mke au mjane wa rais huombwa, waziri huulizwa. Kusini wakati huo karibu hapakuwa na lami. Barabara kuu ya kwanza ya lami, Juba hadi Nimule, kilomita 192, ilikamilika mwaka 2012 kwa fedha za Marekani, yeye akiwa ameshaondoka wizarani na kuwa mshauri wa Rais kuhusu jinsia na haki za binadamu. Ndiyo njia inayoleta Juba unga, mafuta na mayai kutoka Uganda.

Majirani nao wana mifano yao. Kenya, Mama Margaret Kenyatta alianzisha kampeni ya Beyond Zero mwaka 2014 ili kupunguza vifo vya akina mama na watoto, akakimbia mbio za London kuichangia na kugawa kliniki tamba kwa kaunti. Ilikuwa kazi njema. Hata hivyo, baadaye magazeti ya Kenya yaliripoti kwamba baadhi ya magari hayo yalikuwa yameegeshwa tu. Mke wa rais anaweza kutoa gari, lakini mshahara wa muuguzi na mafuta ya gari hutoka katika bajeti ya kaunti.

Uganda, Mama Janet Museveni alianza na shirika la kusaidia yatima mwaka 1986. Mwaka 2006 aligombea ubunge wa Ruhama, akashinda, kisha akaingia baraza la mawaziri. Wapo wanaouliza kama ni sawa mume na mke kukaa katika baraza moja, na swali hilo ni la haki. Lakini waziri anaweza kuitwa bungeni ajieleze. Mke wa rais asiye na cheo haitwi na mtu.

Tanzania, mwenye cheo tangu Machi 2021 ni mwanamke, Rais Samia Suluhu Hassan. Mumewe, Hafidh Ameir, huonekana hadharani kwa nadra, na nchi inaendelea na shughuli zake.

Mama Rebecca alitofautiana na Rais Kiir mwaka 2013, kabla ya vita kuzuka Desemba. Alirudi serikalini Februari 2020 kama mmoja wa makamu watano wa rais chini ya mkataba wa amani wa 2018, akasimamia masuala ya jinsia na vijana. Mkataba huo unataka wanawake wapate asilimia 35 ya nafasi za uongozi.

Kwa mama anayevuka Elegu na magunia yake, asilimia hiyo ina maana pale tu anapokutana na kizuizi cha barabarani na kudaiwa pesa bila risiti. Wengi wetu tumezoea kutafuta "mtu wa kumjua", na hakuna mtu mkubwa kuliko aliye nyumbani kwa mkubwa. Njia hiyo hufunguka kwa wachache, tena hufungwa siku mkubwa anapoondoka.

Sauti ya Mama Rebecca mwaka 2005 ilisaidia kutuliza mji. Lakini kuondoa vizuizi kati ya Nimule na Juba si kazi ya sauti peke yake. Inahitaji ofisi yenye mlango, karani anayeandika malalamiko, na waziri anayeweza kuulizwa yameishia wapi. Mfanyabiashara akishapata hayo, hatahitaji kujua waziri huyo ameolewa na nani.