Mzee akifariki, msitu wa ukoo unabaki kwa nani?

Mimi ni wa Kifaru, huku chini ya milima ya Upare, barabara ya kwenda Same. Kijiji kinaitwa Kifaru lakini faru mwenyewe hatuna. Ukimtaka nenda Mkomazi, ambako faru weusi walianza kuletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 1997. Ila leo siongelei hifadhi za serikali. Naongelea zile ndogo ambazo Wapare tunazo milimani tangu enzi za mababu, yaani misitu ya koo.

Kwa wasiojua, ipo ya aina mbili. Mpungi ni msitu wa ukoo, mahali pa kutambikia. Mshitu ni pale vijana walipokuwa wanafundwa. Mingi ni midogo tu. Masharti yake yalikuwa makali: hukati mti, huokoti kuni, huingii ovyo. Ukikiuka unakutana na wazee, na ukiwakwepa wazee kuna mizimu. Ndiyo maana chemchemi nyingi zilibaki na kivuli chake, na maji yakapatikana ya kujaza ndiva, yale mabwawa ya kienyeji yanayokusanya maji usiku na kufunguliwa mchana kumwagilia mashamba.

Sasa ishu ni hii. Mlinzi wa msitu alikuwa mzee, na siku hizi mizimu haiogopwi tena. Vijana tuko mjini. Babu yetu alipofariki mwaka jana, hata matanga hayajaanuliwa, baba mdogo mmoja tayari alikuwa na mteja wa mbao. Wengine wakasema tugawane, kila mtu achukue chake. Aliyesimama ni shangazi, ambaye maisha yake yote hakuruhusiwa kukanyaga mle ndani kwa sababu ni mwanamke. Akauliza swali moja: "Mkishakata, maji mtanunua wapi?" Watu kimya. Kikao kikaahirishwa hadi Desemba, Wapare tukirudi nyumbani.

Tangu hapo nimekuwa nikiuliza na kusoma. Nimepata mambo matatu.

Kwanza, karatasi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaruhusu hatimiliki ya kimila kutolewa kwa familia au kikundi, siyo lazima mtu mmoja. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo inatambua misitu ya watu binafsi, na kikundi cha wanakijiji kinaweza kuomba kusimamia msitu wa jamii. Pa kuanzia ni halmashauri ya kijiji. Angalizo: majina yawe mengi na ya akina mama yawemo. Likiandikwa jina moja tu, siku mwenye jina akifa tumerudi kulekule.

Angalieni wenzetu Kenya. Familia ya Craig ilikuwa na ranchi ya ng'ombe Lewa tangu 1922. Mwaka 1983 walitenga sehemu ya kulinda faru wakishirikiana na mama mmoja, Anna Merz. Mwaka 1995 ranchi nzima ikageuzwa kuwa hifadhi inayoendeshwa na taasisi isiyo ya faida. Hapo haitegemei tena uhai wa mzee mmoja.

Pili, majirani. Mkomazi wafugaji waliondolewa mwaka 1988 na malalamiko yakaendelea miaka mingi. Serikali ina askari wa kulinda mipaka, ukoo hauna. Moto ukiwaka kiangazi, wa kwanza kuuona ni jirani. Akikuchukia ataangalia tu. Kwa hiyo anayechota maji ya chemchemi yako ashirikishwe, ajue mipaka, na wewe umsikilize.

Tatu, wageni. Kuna wanaosema tufungue msitu, watu walipe waingie. Sawa, lakini siyo kila mahali. Njia ipite pembeni, mahali pa tambiko pabaki pamefungwa. Aongoze mtu wa ukoo anayejua majina ya miti na habari zake. Kiingilio kiandikwe kwenye daftari ambalo kila mwanaukoo anaweza kulisoma, maana hela isiyoandikwa itavunja ukoo kabla shoka halijafika. Na tusidanganyane, kwa msitu mdogo hiyo ni hela ya kumlipa mlinzi na kufyeka njia ya moto. Utajiri haupo hapo.

Desemba nitasimama kwenye kikao. Mimi ni kijana wa form four tu, sijui kama watanisikiliza. Nitapendekeza tuombe hati, na jina la shangazi liwe la kwanza. Wadau ambao koo zenu zimeshapata hati ya msitu, mlianzaje? Mlimtulizaje yule mwenye mteja wa mbao?

Naomba kuwasilisha.